Kutosikia si maradhi ya aina moja: Tupime kwanza, tuhukumu baadaye



Ndugu msomaji, mtoto wa Kiislamu hukaribishwa duniani kwa kupitia sikio. Saa chache baada ya kuzaliwa, baba yake au mzee wa nyumba humwinamia akamwadhinia katika sikio la kulia. Ni desturi njema tuliyoirithi kwa wazee wetu. Hata hivyo, ni nadra katika nyumba zetu mtu kujiuliza baada ya hapo iwapo sikio lile limesikia. Mwaka hupita, wa pili hupita, mtoto hasemi, na jamaa hufarijiana kwa kusema kuwa hata baba yake alichelewa kusema. Anapofikishwa hospitalini ana miaka minne au mitano, na sehemu kubwa ya ule wakati ambao ubongo wa mtoto hupokea lugha kwa wepesi imekwisha kupita.

Upande wa pili wa umri mambo hayatofautiani. Mzee anayepishana na watu njiani bila kuitikia salamu husemwa kuwa ana kiburi. Bibi anayejibu lisiloulizwa husemwa kuwa akili imeanza kumtoka. Kijana wa madrasa anayechanganya thaa na sini kila siku huonekana mkaidi, na mkono wa mwalimu huelekea kwenye bakora. Huenda watu wote hao watatu hawana kosa lolote, na tatizo lao limo ndani ya sikio, mahali ambapo jicho la jirani halifiki.

Katika safu yetu ya juma hili tumekusudia kueleza aina za uziwi, sababu zake na namna unavyopimwa hospitalini. Jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: kutosikia ni jina la hali, si jina la ugonjwa. Chini ya jina hilo yamo maradhi mengi yenye sababu tofauti na tiba tofauti, na kinachoyatenganisha ni kipimo. Asiyepimwa hutibiwa kwa kubahatisha na huhukumiwa kwa dhana, ilhali Suratul-Hujuraat, aya ya 12, imetuonya tujiepushe na dhana nyingi.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2021, watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma ili waweze kuishi vyema. Wengi wa hao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Ripoti hiyo inaeleza pia kuwa kwa watoto, asilimia 60 hivi ya uziwi hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Safari ya sauti

Ili tuzielewe aina za uziwi, hatuna budi kwanza kuifuata sauti inavyosafiri. Sikio lina sehemu tatu. Sehemu ya nje ni jani la sikio tunaloliona pamoja na tundu lake, na mwisho wa tundu hilo pana utando mwembamba uitwao ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma iko sehemu ya kati, chumba kidogo chenye hewa, ambamo mna mifupa mitatu midogo iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa mwanadamu. Sehemu ya ndani ni koklea, mrija uliojikunja mfano wa nyumba ya konokono, uliojaa maji.

Sauti inapoingia hutikisa ngoma, ngoma hutikisa mifupa, na mifupa husukuma maji yaliyomo ndani ya koklea. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vinavyopeperuka kama majani ya mpunga katika upepo. Vinapopeperuka huzalisha umeme mdogo, na neva huupeleka umeme huo kwenye ubongo, ambao ndio hasa unaosikia na kuelewa. Chembe hizi tunazaliwa nazo na hazioti tena. Ikifa moja, imekufa.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu (SW) ametukumbusha kuwa ametutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo, ili tupate kushukuru. Wanavyuoni wameona kuwa kusikia kumetangulizwa mbele ya kuona, hapo na katika aya nyingine nyingi. Na miongoni mwa kushukuru neema ni kuihifadhi.

Aina za uziwi

Aina ya kwanza ni uziwi wa njia ya sauti. Hapa koklea na neva ni salama, lakini sauti imezuiwa njiani, ama katika tundu la nje ama katika chumba cha kati. Nta iliyogandamana, ngoma iliyotoboka, usaha na majimaji nyuma ya ngoma, au kikuku kilichokakamaa kisitikisike, vyote ni vya aina hii. Mgonjwa husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole: sauti ni ndogo, lakini ukiikuza anaielewa vizuri. Uziwi wa aina hii mara nyingi hutibika kwa kusafisha, kwa dawa au kwa upasuaji.

Aina ya pili ni uziwi wa neva, ambao hutokana na kuharibika kwa chembe za koklea au neva yenyewe. Njia iko wazi, ila mpokeaji amedhoofika. Aghalabu uziwi huu ni wa kudumu, na husaidiwa kwa vifaa. Tabia yake moja huwatatiza sana watu wa nyumbani. Mara nyingi huanza kwa kuondoa sauti nyembamba, na sauti hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na k, huku irabu zikibaki. Mzee mwenye hali hii anapoambiwa “saa”, hajui kama ni saa, taa, kaa au faa, maana kwake yote yamekuwa “aa”. Ndiyo maana husema, “Nakusikia lakini sikuelewi.” Ukimpigia kelele anakasirika, kwa sababu sauti imezidi ukubwa lakini haikuzidi uwazi. Sauti za wanawake na watoto humpotea mapema, kwa hiyo mjukuu anayemwita babu asipate jibu asidhani kuwa babu hampendi.

Aina ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili katika sikio moja, kama mzee ambaye neva zake zimechoka kwa umri na papo hapo ana nta iliyoziba. Iko pia hali ambayo sikio hupokea sauti lakini neva haiipeleki kwa mpangilio, hivyo mtoto huonekana anasikia leo na kesho hasikii. Wazazi wa watoto wa namna hii hupata taabu kubwa ya kuaminiwa.

Sababu zake

Kwa watoto wetu, sababu iliyo wazi kuliko zote ni sikio linalotoa usaha. Mafua na maambukizi ya koo hupanda kwenye chumba cha kati kupitia mrija mdogo unaounganisha sikio na koo, usaha hujaa, na hatimaye ngoma hupasuka. Maumivu hupungua pale usaha unapotoka, na hapo wazazi hudhani mtoto amepona. Usaha uliotoka kwa muda wa siku 14 au zaidi umeshakuwa ugonjwa sugu. Ukiachwa, unaweza kula mifupa ile mitatu, na wakati mwingine, hasa ukiwa na harufu mbaya isiyokoma, unaweza kufika hata kwenye ubongo. Msemo wa kuwa “masikio ya watoto yote hutoa maji, akikua yataacha” umewaharibia wengi usikivu wao.

Wengine hulizidisha tatizo kwa mikono yao. Tumeona njiti za kiberiti, unyoya wa kuku, funguo na vijiti vya pamba vikiingizwa sikioni. Sikio hujisafisha lenyewe, na nta yake ni kinga. Anayechokoa huisukuma nta ndani zaidi au huitoboa ngoma. Kumwagia mafuta ya moto, maziwa ya mama au maji ya majani katika sikio linalotoa usaha ni kuongeza maradhi. Na ikiwa mtoto ameingiza betri ndogo ya saa au ya mwanasesere sikioni, hiyo ni dharura. Asimwagiwe kitu, akimbizwe hospitalini saa hiyohiyo, kwani betri huunguza nyama kwa muda mfupi.

Sababu nyingine huanzia tumboni au wakati wa kuzaliwa. Rubela, ambayo kwa mama huwa homa ndogo na vipele tu, humharibia mtoto aliye tumboni masikio, macho na moyo. Kaswende isiyotibiwa, kuzaliwa kabla ya wakati, kuchelewa kulia na manjano kali ya siku za mwanzo ni katika sababu hizo pia. Baadaye huja homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi na malaria kali. Tanzania iliingiza chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014. Mzazi anayeikosesha nyumba yake chanjo kwa kusikiliza uvumi ajue kuwa miongoni mwa vinavyolindwa na sindano hiyo ni masikio.

Upo pia uziwi wa kurithi. Mara nyingi baba na mama wote wawili husikia vizuri, lakini kila mmoja amebeba chembe ya urithi iliyojificha. Wanapokutana wawili waliobeba chembe ileile, kila mimba huwa na uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kumpata mtoto kiziwi. Uwezekano wa kukutana chembe zinazofanana huongezeka pale ndugu wa karibu wanapooana. Sheria yetu haikuharamisha ndoa ya binamu, nasi hatuwezi kuharamisha lililohalalishwa. Lakini ukoo ambao viziwi wamezaliwa mara kwa mara ni vyema upate ushauri wa daktari kabla ya kuunganisha tena nyumba zilezile. Na mama aliyejaaliwa mtoto kiziwi asisingiziwe kurogwa wala laana.

Kuna dawa zinazodhuru sikio. Katika mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, Hospitali ya Kibong'oto iliyopo wilayani Siha ndiyo iliyoanza kutoa matibabu ya kifua kikuu sugu nchini, mwaka 2009. Kwa miaka mingi, hapa na duniani kote, matibabu ya ugonjwa huo yalitegemea sindano za dawa kama kanamaisini kwa muda wa miezi. Dawa hizo ziliokoa roho za watu, lakini wako waliopona kifua wakapungukiwa na masikio. Mwaka 2018 WHO ilielekeza kanamaisini na kapreomaisini ziachwe na dawa za kumeza zitangulizwe. Wa kundi hilohilo ni jentamaisini, sindano inayojulikana sana, na kwinini nayo huleta mvumo masikioni unaopungua dawa ikiisha. Mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa na daktari kwa kuogopa maneno haya. Ila asikubali kuchomwa sindano dukani bila ya kipimo, na akianza kusikia mvumo au kizunguzungu katikati ya matibabu amwambie daktari siku hiyo.

Ama kelele, hiyo ni sababu ambayo sisi watu wa Holili tunaishi nayo. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Taveta hayazimi injini, mashine za kusaga nafaka hazipumziki, vijana wa bodaboda hukaa juu ya mlio kutwa, na mafundi wa kuchomelea hugonga vyuma. Wengine wamekwenda Mirerani, ambako mwamba hupasuliwa kwa baruti ndani ya mashimo membamba. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama 30 na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wataalamu wa usalama kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda wa salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Fundi ambaye lazima apige kelele ili mwenzake aliye mbele yake amsikie, ajue mpaka huo ameshauvuka. Vifaa vya kuziba masikio ni rahisi kuliko masikio. Vijana wanaolala na spika za simu ndani ya masikio nao wamo katika hukumu hiyo.

Mwisho ni umri. Chembe za koklea huchakaa kidogo kidogo, na kisukari na shinikizo la damu huhimiza uchakavu huo. Lakini tusimwambie kila mzee, “Ni uzee tu,” kabla ya kupimwa, maana huenda robo saa ya kutoa nta ingemrudishia nusu ya alichopoteza.

Vipimo hospitalini

Wapo wanaoogopa kupimwa masikio wakidhani kuna kuchomwa au kukatwa. Vipimo hivi haviumi. Hapa kwetu mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, na akipewa rufaa hupitia Himo kwenda Moshi, ambako Hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo.

Kwanza mgonjwa huulizwa. Tatizo lilianza lini, ghafla au taratibu? Sikio moja au yote? Kuna usaha, mvumo, kizunguzungu? Anafanya kazi gani, ametumia dawa zipi, na nani mwingine katika ukoo hasikii? Nenda na majibu haya, na kwa mtoto nenda na kadi ya kliniki.

Pili, daktari hutazama ndani ya tundu kwa otoskopu, kifaa kidogo chenye taa na lenzi. Hapo ataona nta, usaha, tundu katika ngoma, au ngoma iliyovimba. Watu wengi huishia hatua hii wakiwa wamepata tiba yao.

Tatu ni kipimo cha uma wa sauti, chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hulia kwa mlio mmoja. Kimetumika tangu karne ya 19, na njia zake mbili zina majina ya Wajerumani Weber na Rinne. Daktari hukiweka mbele ya sikio, kisha hukigusisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Kwa mtu mzima wa masikio, mlio wa hewani huzidi ule wa mfupani. Ikiwa wa mfupani ndio unaozidi, basi njia ya sauti imezibwa. Kisha hukiweka katikati ya paji la uso na kuuliza mlio unasikika upande gani. Katika uziwi wa njia ya sauti mlio huelekea sikio bovu, na katika uziwi wa neva huelekea sikio zima. Chuma kimoja kisicho na umeme kimeshatenganisha aina mbili za maradhi.

Nne ni odiometri, ambayo ndiyo kipimo kikuu. Mgonjwa huketi katika chumba kisichopenya kelele, huvalishwa spika za masikioni, na husikilizishwa milio kuanzia mizito ya hezi 250 hadi myembamba ya hezi 8,000. Kila anaposikia, hata kwa mbali, hubonyeza kitufe au huinua mkono. Mtaalamu huipunguza sauti hadi apate ile ndogo kabisa anayoisikia, na huiandika kwenye mchoro uitwao odiogramu. Alama ya duara ni ya sikio la kulia na alama ya mkasi ni ya kushoto. Kisha hurudia kwa kifaa kinachotikisa mfupa wa nyuma ya sikio, kwani mtikiso huo huruka sehemu ya nje na ya kati na kufika koklea moja kwa moja. Hapa ndipo siri hufichuka. Ikiwa kwa mfupa anasikia vizuri na kwa hewa hasikii, koklea ni nzima na kizuizi kiko njiani. Ikiwa kwa njia zote mbili anasikia hafifu kwa kiwango kimoja, tatizo ni la neva. Ikiwa zote ni hafifu na bado zimeachana, ni mchanganyiko.

Kwa mpangilio wa WHO wa mwaka 2021, anayesikia sauti iliyo chini ya desibeli 20 ni salama. Kuanzia 20 hadi 35 ni upungufu mdogo, hadi 50 ni wa wastani, hadi 65 umezidi wastani, hadi 80 ni mkubwa, hadi 95 ni mkubwa mno, na zaidi ya hapo ni uziwi kamili. Asiyesikia mpaka sauti ifike desibeli 60 amekwisha kuyapoteza mazungumzo ya kawaida ya watu.

Tano ni timpanometri. Kijipira huziba tundu la sikio, hewa husukumwa na kuvutwa kidogo, na mashine huandika jinsi ngoma inavyocheza. Ngoma yenye majimaji nyuma yake haichezi. Kipimo hiki huwafaa sana watoto, kwani hakihitaji jibu lao.

Mama huuliza: mtoto mchanga asiyeweza kuinua mkono atapimwaje? Mwaka 1978, Mwingereza David Kemp alionyesha kuwa koklea nzima ikipokea sauti hurudisha nje mwangwi mdogo sana. Kifaa cha leo huwekwa sikioni mwa mtoto aliyelala, hutoa milio, na kusikiliza mwangwi huo. Usiporudi, mtoto huwekewa vibandiko kichwani ili mashine isome umeme wa neva ya usikivu unavyofika kwenye shina la ubongo. Yote hufanyika mtoto akiwa usingizini. Wataalamu hulenga mtoto achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, athibitishwe kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita.

Pasipo na vifaa hivyo, mzazi na awe macho. Mchanga hushtuka kwa mshindo, wa miezi sita hugeukia sauti, wa mwaka huitikia jina lake, wa miaka miwili huunganisha maneno mawili. Wala asidanganyike kwa kuwa mtoto analia na kutoa vijisauti, maana hata kiziwi hufanya hivyo katika miezi ya mwanzo.

Na kwa mtu mzima, kuna hali moja isiyongoja: kuamka sikio moja halisikii, bila maumivu wala usaha. Hiyo ni dharura. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana.

Baada ya kipimo

Aliyebainika kuwa na uziwi wa njia ya sauti hutibiwa kizuizi chake. Sikio la usaha hukaushwa kwa pamba au kitambaa safi kilichosokotwa na hutiwa dawa ya matone aliyoandika daktari. Mwenye ngoma iliyotoboka azuie maji yasiingie anapooga, kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito. Udhu haumdhuru, kwani katika udhu masikio hupakwa kwa vidole vilivyolowa, hayamwagiwi maji. Kuhusu josho la janaba amwulize shekhe wake, kwani dini imeweka nafuu kwa mwenye jeraha.

Mwenye uziwi wa neva hupewa shimesikio, kifaa kidogo kinachokuza sauti kwa kadiri ya odiogramu yake. Akivue anapotawadha, kisha akivae tena aingie kwenye swala. Wale ambao hata shimesikio haliwatoshi, hasa watoto, baadhi yao hupandikizwa kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya usikivu. Huduma hiyo ilikuwa ikifuatwa India, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inaifanya hapa nchini.

Asiyefaa kwa hayo yote hakunyimwa lugha. Lugha ya alama ni lugha kamili, na mtoto anayeipata mapema akili yake hukua kama ya wenzake. Mafakihi nao walikwisha kuamua kuwa ishara yenye kueleweka ya asiyeweza kusema husimama mahali pa tamko lake katika ndoa na mikataba.

Wajibu wetu

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Hapa mkoani, shule ya viziwi iliyoko Mwanga iko chini ya Kanisa la Kilutheri. Tunawashukuru waliotangulia, na papo hapo tujiulize sisi tumewaandalia nini viziwi wa Kiislamu. Kijana kiziwi huketi Ijumaa akitazama midomo ya khatibu asipate hata neno moja, na akirudi nyumbani hana anayemweleza. Nani atamfundisha Fatiha kwa namna anayoiweza? Nani atamfundisha halali na haramu?

Tunapendekeza mambo manne ambayo msikiti wowote unaweza kuyaanza. Kwanza, mwalimu wa madrasa asimchape anayekosea matamshi wala anayechelewa kuitikia. Amsimamishe nyuma yake kwa umbali wa mkono, amnong'oneze maneno matatu, sikio moja baada ya jingine, na akishindwa kuyarudia awaite wazazi wake. Pili, kamati ziorodheshe watoto wenye usaha masikioni, wakodishiwe gari moja siku ya kazi wapelekwe hospitalini kwa pamoja, na fungu la sadaka lichangie nauli na kipimo cha asiyejiweza.

Tatu, tuzitazame spika zetu. Sauti inayotikisa kuta haimfaidishi mzee, kwa kuwa mwangwi humchanganyia maneno, na wenye masikio mazima inawadhuru. Mhadhiri asogeze kinasa sauti karibu na mdomo, aseme polepole, auelekeze uso wake kwa watu, na wazee watengewe mahali pa mbele. Nne, kila msikiti utafute kijana mmoja au wawili wajifunze lugha ya alama. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinaweza kuelekeza pa kuanzia.

Ndugu msomaji, kabla Ijumaa ijayo haijafika, mtazame mtu mmoja katika nyumba yako ambaye umekuwa ukimwambia “Husikii?” kwa hasira. Mwulize swali hilohilo kwa upole, ukiwa na nia ya kupata jibu, kisha mpange siku ya kwenda kumpima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie masikio yetu na ya kizazi chetu, na awape subira na malipo mema wale aliowatahini kwa kutosikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.